Nataka kufundisha mazoezi mtandaoni, lakini nimfundishe nani?

Washauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi kwenye jimu moja ya Tabata, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa nne. Mshahara unaishia kwenye nauli na kodi ya chumba, kwa hiyo tangu Januari nimeanza kufundisha mtandaoni. Nina ukurasa wa Instagram wenye wafuasi 3,800 na kundi la WhatsApp la bure lenye watu 140. Kila siku naweka kitu: leo kupunguza kitambi, kesho mazoezi ya wajawazito, keshokutwa pushapu, siku nyingine chakula. Watu wanapenda na wananipa hongera nyingi. Nilipotangaza programu ya shilingi 30,000 kwa mwezi walilipa wanne, na wawili kati yao ni ndugu zangu. Mwezi wa pili alibaki mmoja.

Nimeambiwa nichague kundi moja la watu nilishughulikie hilo tu. Naogopa nikichagua moja nitawafukuza wengine wote. Ninayoyafikiria ni manne: wenye kitambi, akina mama waliotoka kujifungua, Waswahili walioko Oman, na manesi wa zamu. Hao wa mwisho nawafikiria kwa sababu naishi na dada yangu ambaye ni nesi, wenzake wananifahamu, na mara kwa mara wananiuliza kuhusu mgongo na miguu. Lakini manesi wanaujua mwili kuliko mimi, nitawaambia nini?

Naomba mnisaidie nichague lipi, nitajuaje kama linalipa kabla sijapoteza miezi mingine sita, na kama nifute ukurasa wangu wa sasa.

Mwalimu wa Tabata

*

Dada wa Tabata,

Anza na manesi wa zamu. Sababu tutakupa hapa chini kwa urefu, kwa kuwa hata kama baadaye utahamia kundi jingine utalipima kwa vipimo hivi hivi.

Tuanze na kitambi, maana ndipo wengi wanaponasa. Kitambi anacho dereva wa daladala anayetoka nyumbani saa 10 alfajiri na kukaa kwenye usukani mpaka usiku. Anacho mhasibu wa Posta anayefika kwake Mbezi saa 3 usiku kwa sababu ya foleni. Anacho pia mstaafu ambaye magoti hayamruhusu kuchuchumaa. Tumbo ni lile lile, lakini wa kwanza anahitaji mazoezi ya dakika 10 anayoweza kuyafanya kituoni, wa pili anahitaji kitu cha saa 11 alfajiri kabla ya kutoka, na wa tatu anahitaji mtu wa kumwangalia magoti. Ukiwaandikia programu moja, wawili wataiacha ndani ya wiki mbili, na watadhani uvivu ni wao. Hilo ndilo lililowapata wale wanne wako.

Kwa hiyo tatizo la mwili peke yake halitengenezi kundi. Kundi ni watu ambao siku zao zinafanana, kinachowakwamisha kinafanana, unajua pa kuwapata bila kuwatafuta mmoja mmoja, na pesa ya kukulipa wanaishika wenyewe. Kukikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, utafanya kazi sana na kupata kidogo.

Akina mama waliojifungua ni kundi zuri, na mahitaji yao ni makubwa kweli. Tatizo ni kwamba ndiyo kazi inayotaka ujuzi zaidi kati ya zote nne. Kuna misuli ya tumbo iliyoachana katikati, kuna mkojo unaovuja mama akikohoa au akiruka, kuna mshono wa upasuaji. Mazoezi ya kawaida ya kuinuka kifua ukiwa umelala chali yanaweza kulisukuma tumbo la mama huyo nje badala ya kulirudisha. Kama hujasomea jambo hilo na huna mtaalamu wa fiziotherapia wa kumpelekea mtu, liweke kando kwanza. Litakungoja.

Oman haina shida ya saa, kwani wametutangulia saa moja tu. Shida ni kwamba "Waswahili walioko Oman" ni watu wanaozungumza lugha moja huku maisha yao hayafanani. Familia yenye asili ya Zanzibar iliyokaa Muscat miaka mingi ina nyumba, ina gari, na kiangazi joto linapita nyuzi 40 hawatoki nje mchana. Dada anayefanya kazi za ndani huenda anaishika simu yake usiku tu. Halafu malipo yatapita kwenye huduma za kutuma fedha, yenye makato kila mwezi. Hutaweza kuyajaribu hayo yote kwa gharama ndogo ukiwa Tabata.

Manesi wa zamu wanatimiza vyote vinne. Siku zao zinafanana kwa namna ambayo watu wengine hawaijui: zamu ya asubuhi, zamu ya mchana, zamu ya usiku, kisha mapumziko, na ratiba inabadilika kila wiki. Wanasimama muda mrefu, wanainama kitandani, wanageuza wagonjwa wazito, kisha wanakwenda nyumbani kulala wakati watoto wameamka. Wana mishahara ya mwisho wa mwezi. Na wewe una mlango tayari, ambao ni dada yako. Mwalimu mwingine mwenye wafuasi laki moja hana mlango huo.

Sasa hofu yako kwamba wanajua kuliko wewe. Ni kweli, wanajua. Nesi hahitaji umweleze shinikizo la damu ni nini, na ukimletea somo la vyakula atakuacha hapo hapo. Anajua pia kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Asichonacho ni namna ya kuzipata dakika hizo ndani ya wiki yenye zamu tatu za usiku. Programu karibu zote zinamwambia Jumatatu miguu, Jumatano mikono, Ijumaa tumbo. Jumatatu yuko kazini, Jumatano amelala mchana kutwa, Ijumaa ndiyo anakumbuka, na anajiona ameshindwa. Wewe utamuuzia mpangilio unaofuata zamu badala ya siku za wiki. Huo ndio ujuzi wako, na hakuna nesi atakayeona umemfundisha kazi yake.

Kabla hujaandika hata zoezi moja, zungumza na manesi 10, mmoja mmoja, dakika 15 kila mmoja, kwa simu. Usiwaulize "Je, utapenda programu ya mazoezi ya manesi?" Mswahili muungwana hawezi kukujibu hapana, na hapo utakusanya hongera zile zile ulizozizoea Instagram. Uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho ulipojaribu mazoezi ilikuwa lini? Ulifanya nini? Ulilipa kiasi gani? Uliacha wiki ya ngapi, na siku uliyoacha kulikuwa na nini? Ukitoka zamu ya usiku unafika nyumbani saa ngapi, unalala saa ngapi, nani yuko nyumbani? Kisha nyamaza uandike. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Nesi akikwambia "nikitoka usiku miguu inakuwa kama si yangu", hayo ndiyo maneno ya kuweka kwenye tangazo lako, na ni bora kuliko "imarisha misuli ya chini".

Baada ya mazungumzo hayo hesabu. Kama watu 4 au zaidi kati ya 10 wametaja kikwazo kile kile bila wewe kuwatajia, umepata pa kuanzia. Kama kila mmoja ana lake, kundi bado ni pana. Lipunguze: manesi wa zamu wenye watoto wadogo, au manesi wa wodi ya wazazi. Punguza kwa kitu kinachobadilisha programu. Umri peke yake mara nyingi haubadilishi chochote, lakini mtoto wa miaka miwili nyumbani hubadilisha kila kitu.

Kisha tunga sentensi moja. Kwa mfano: "Nawasaidia manesi wa zamu kurudisha nguvu za miguu na mgongo kwa mazoezi ya dakika 25 nyumbani, mara tatu kwa wiki, yanayofuata ratiba yao ya zamu." Ijaribu hivi: mtumie mtu ambaye si nesi. Kama mara moja anakwambia "hii ingemfaa fulani" na kukutajia jina, sentensi imekaa vizuri. Kama anakwambia "hata mimi ingenifaa", bado ni pana.

Hatua inayofuata ni kuuza kabla ya kujenga. Usitengeneze nembo wala tovuti, na usirekodi video 60. Chukua watu 6 tu, kwa wiki 6, kwa bei ya majaribio, tuseme 40,000 kwa wiki zote sita, nusu ilipwe kabla ya kuanza. Malipo ya awali ndiyo jibu la kweli kuliko yote uliyopewa kwenye simu. Dada yako asihesabiwe. Tangaza kati ya tarehe 25 na tarehe 5, mishahara ikiwa imetoka, na epuka Januari, kwa kuwa ada za shule zinameza kila kitu. Ikigongana na Ramadhani, waulize mapema wanaofunga. Wengi watapenda kufanya baada ya futari, na seti zipungue.

Ndani ya programu, andika vipindi vitatu na uviite A, B na C. Havina siku. Sheria ni moja: vifanyike vitatu kila siku saba, na kati ya kimoja na kingine ipite angalau siku moja. Mwanzoni mwa wiki kila nesi anakutumia picha ya ratiba yake ya zamu bila majina ya wenzake, na wewe unamrudishia A, B na C zimepangwa humo. Kazi hiyo inakuchukua dakika tano kwa mtu, na ndiyo watakayokulipia.

Kipindi A kinaweza kuwa hivi. Kukaa na kuinuka kwenye kiti, seti 3 za marudio 8 hadi 12. Pushapu za kuegemea meza imara, seti 3 za marudio 6 hadi 10. Kuinua nyonga akiwa amelala chali, seti 3 za 12. Mwisho, kutembea na madumu mawili ya maji, moja kila mkono, hatua 40 mara 3. Dumu la lita 5 lililojaa lina kilo 5 za maji, kwa hiyo kila nyumba ina uzito unaopimika bila kununua chochote. Kipindi B weka kuvuta: mkanda wa mpira uliofungwa kwenye nondo ya dirisha, au kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu hadi ubavuni. Manesi hawana upungufu wa kuinama, wana upungufu wa kuvuta. Kipindi C kiwe chepesi zaidi, cha vifundo vya miguu, mashavu ya miguu na mabega.

Kuongeza uzito nako kuwe na kanuni. Mtu akifikia marudio ya juu kwenye seti zote, vipindi viwili mfululizo, ndipo anaongeza lita moja kwenye dumu kubwa zaidi au anatumia kiti kifupi. Kila seti aiache akiwa bado na nguvu ya marudio mawili. Walimu wa jimu hupenda kumwona mtu amechoka mpaka anatetemeka. Kwa mtu mwenye zamu kesho asubuhi huo ni uharibifu. Na akitoka zamu ya usiku, alale kwanza. Mazoezi mazito kwa mtu ambaye hajalala saa 20 yanamfanya akosee namna ya kufanya zoezi, na hapo ndipo mgongo unapoumia. Siku hiyo kama anataka kufanya kitu, ni dakika 10 za kunyoosha viungo kabla ya kulala.

Video ziwe za sekunde 30 hadi 40, zoezi moja kila video, bila muziki. Bando ni pesa, na video ya dakika nane haifunguliwi. Maelezo yaliyobaki yaseme kwa ujumbe wa sauti, anaweza kuusikiliza akiwa kwenye daladala.

Hesabu ya muda usiikwepe. Simu ya kwanza dakika 20 kwa kila mtu, hiyo ni saa 2 kwa watu 6. Kisha nusu saa kwa mtu kila wiki: kupanga ratiba, kutazama video anazotuma, kumjibu. Watu 6 ni saa 3 kwa wiki, saa 18 kwa wiki sita. Jumla saa 20. Mapato ni 240,000, sawa na 12,000 kwa saa kabla ya bando na makato ya simu. Linganisha na unacholipwa jimu kwa saa, utajua unasimama wapi. Ukiona unatumia saa nzima kwa mtu kila wiki, bei ni ndogo au unajibu ujumbe saa zote. Tangaza saa za kujibu, kwa mfano saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Anayetoka zamu atakukuta hapo.

Mwishoni mwa wiki ya sita angalia mambo mawili. Vipindi vyote ni 18. Je, watu 4 kati ya 6 wamefanya angalau 12? Na je, watu 2 wamelipa tena au wameleta mwenzao? Yote mawili yakiwa ndiyo, pandisha bei hadi 60,000 na uchukue watu 10. Wakifanya mazoezi bila kurudi kulipa, huenda tatizo lao limekwisha na huna hatua ya pili ya kuwapa. Wasipofanya kabisa, rudi kwenye maandishi ya zile simu 10. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ama kundi, ama kikwazo, ama bei. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichosaidia.

Usalama usiuache kwa kuwa wateja ni wauguzi. Watu wanaohudumia wengine husahau kujipima. Kila mmoja ajaze fomu kabla ya kuanza: maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, ugonjwa wa moyo, presha, kisukari na dawa anazotumia, mimba, upasuaji wa karibuni, goti au mgongo wenye historia. Akijibu ndiyo popote, aonane na daktari kwanza, na wewe uhifadhi jibu kwa maandishi. Mwenye presha asibane pumzi anapoinua. Ahesabu marudio kwa sauti, hawezi kuhesabu na kubana pumzi kwa pamoja. Siku kipimo kikisoma 180 juu au 110 chini, hakuna mazoezi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari ajipime kabla, na awe na kitu kitamu karibu. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi si kazi yako, hata akikuomba. Fomu hizo ni taarifa za afya, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usizitume kwenye kundi la WhatsApp wala kumwonyesha mtu.

Picha za kabla na baada ziache. Nesi anayevaa hijabu, au mwenye cheo wodini, hataki tumbo lake lionekane mtandaoni, na wengi hukimbia makocha kwa hofu hiyo tu. Pima vitu vingine: mara ngapi anakaa na kuinuka kwenye kiti kwa sekunde 30, kilo anazobeba hatua 40, siku ngapi kwa wiki ameamka bila maumivu. Kwa ruhusa yake, weka namba hizo bila jina. Namba hizo zitamshawishi nesi mwingine kuliko picha.

Ukurasa wako usiufute. Badilisha maelezo ya juu yawe ile sentensi moja, bandika chapisho moja linaloeleza programu, na kuanzia sasa kila unachoweka kiwe cha mtu wa zamu. Baadhi ya wafuasi wataondoka. Lile kundi la watu 140 liage kwa heshima, waambie litafungwa tarehe fulani na kwa nini. Huenda wamo manesi ambao hujawahi kuwaona, na tangazo hilo ndilo litakalowatoa. Mwezi Mei nao uweke kwenye kalenda. Tarehe 12 ni Siku ya Wauguzi Duniani, na ni wakati mzuri wa kufungua awamu mpya.

Wale wenye kitambi watakaoendelea kukufuata, wafundishe jimu kama kawaida. Hakuna anayekukataza.

Mwombe dada yako akuunganishe na wenzake watatu leo jioni, na kila mmoja umtumie ujumbe huu au unaofanana nao:

"Habari dada. Naandaa mazoezi ya nyumbani ya dakika 25 kwa manesi wa zamu. Kabla sijaandika chochote naomba dakika 15 nikuulize wiki yako ya kazi inavyokwenda. Siuzi kitu kwenye simu hiyo. Ni siku gani umepumzika, na saa ngapi nisikukatishe usingizi?"